Ofisi ya walimu imejaa waliofaulu

Watazame watoto wa darasa la pili wakicheza shule wakati wa likizo. Aliyepata zamu ya kuwa mwalimu hatafuti kitabu kwanza. Anatafuta fimbo. Akishaipata ndipo anaokota kipande cha mkaa, anachagua ukuta wa kuwa ubao, anawapanga wenzake kwa mistari, na papo hapo sauti yake inabadilika. Anakuwa mkali. Wenzake wanasimama kwa pamoja, wanaivuta ile salamu ndefu ya “Shikamoo mwaaalimu”, naye anaitikia bila kuwatazama, mkono kiunoni. Halafu anauliza swali ambalo hata yeye hajui jibu lake, na anayekosea ananyoosha kiganja.

Hakuna aliyewaelekeza. Wanachokifanya ni taarifa sahihi ya walichokiona, na wamekiona kwa mwaka mmoja na nusu tu. Kuna miaka mingine zaidi ya kumi inawasubiri.

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza jambo ambalo wakufunzi wa ualimu duniani wamekuwa wakilirudia tangu hapo. Alikadiria kwamba kijana wa nchini kwake anapomaliza sekondari huwa amekaa na walimu kwa takribani saa 13,000. Ualimu, alisema, ni kazi ya ajabu kwa sababu anayeiingia ameshaitazama ikifanywa maisha yake yote. Daktari mwanafunzi hajawahi kukaa chumba cha upasuaji kila siku tangu akiwa na miaka sita. Mwalimu mwanafunzi amekaa darasani. Na alichokiona ni upande wa mbele tu: mwalimu akiongea, akiandika, akiadhibu, akisifu. Hakumwona akihangaika usiku kutafuta mfano utakaoeleweka, wala hakujua kwa nini siku fulani aliacha mada katikati na kurudi nyuma.

Tufanye hesabu yetu wenyewe. Kalenda ya shule Tanzania ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba, kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha cha tano na cha sita, amepitia miaka 13. Hizo ni siku 2,522 za kutazama watu wakifundisha. Kisha anaingia chuoni, anasoma saikolojia ya elimu na mbinu shirikishi, anakwenda mazoezi ya kufundisha kwa wiki chache, anapewa cheti. Siku ya kwanza mbele ya wanafunzi themanini au mia wanaopiga kelele, mwili wake utakumbuka nini? Utakumbuka zile siku 2,522.

Kwa hiyo ninaposikia mijadala ya ubora wa walimu ikianza na kuishia vyuoni, kwenye mitaala, sifa za kujiunga na ngazi ya cheti au diploma, naona tunaanzia sura ya mwisho. Sipuuzi vyuo. Nasema vyuo vinampokea mtu aliyekwisha kufundishwa ualimu, na aliyemfundisha hakujua kwamba anamfundisha.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya hilo, nalo halisemwi. Ofisi ya walimu ya shule yoyote imejaa watu ambao shule iliwakubali. Walifaulu darasa la saba, wakafaulu kidato cha nne, wengi wakafaulu cha sita. Wenzao waliokaa nao dawati moja wakaachia njiani, kwa sababu ya njaa, mimba, umbali, au kwa sababu waliogopa kwenda shule, hawamo katika ofisi hiyo. Hawapo kutoa ushahidi. Kwa hiyo ukimuuliza mwalimu kama viboko vinasaidia, utapata jibu linalotoka kwa upande mmoja wa darasa la zamani: “Mimi nilichapwa, na ndiyo maana nimefika hapa.” Anasema kweli kuhusu yeye. Hajui, na hana namna ya kujua akiwa amekaa pale, kuhusu yule aliyekaa nyuma yake ambaye siku moja hakurudi tena.

Namheshimu anayelisema hilo, maana hadanganyi. Ni mtu anayeyapa maumivu yake maana. Kukubali kwamba zile fimbo hazikuwa na faida yoyote ni kukubali kwamba aliumizwa bure na watu aliowaheshimu, na hilo si jepesi. Ndiyo sababu waraka haubadilishi kitu. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni ziko wazi: mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Ni walimu wangapi waliojifunza kuchapa kwa kusoma kanuni hizo? Walijifunza wakiwa wamenyoosha viganja.

Oktoba 2016 nchi nzima ilishtuka. Video kutoka shule moja ya sekondari jijini Mbeya iliwaonyesha vijana wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ndani ya ofisi ya walimu, kwa makofi, mateke na fimbo. Viongozi walitoa matamko, hatua zikachukuliwa, tukaendelea na maisha. Kinachonirudia mpaka leo ni kwamba waliokuwa wakipiga hawakuwa walimu walioajiriwa, waliochoshwa na miaka ya madeni na uhamisho. Walikuwa walimu wa mazoezi, wanafunzi wa vyuo vya elimu ya juu, watu ambao wiki chache kabla walikuwa wamekaa kwenye madarasa ya saikolojia ya mtoto. Nadharia ilikuwa bado mbichi kichwani, na haikuwazuia. Tuliwajadili kama vijana wakorofi. Ningetamani tungejiuliza pia: picha hii waliiona wapi kwa mara ya kwanza, na ni nani katika miaka yote ya chuo aliyewahi kuwauliza habari zake?

Viboko ni mfano unaoonekana kwa macho. Kuna urithi mwingine uliotulia zaidi, na kwa maoni yangu unaharibu watu wengi zaidi.

Mtoto wa Kitanzania katika shule nyingi za serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza na baada ya wiki kadhaa za kozi ya kumwandaa anatakiwa asome biolojia, jiografia na historia kwa Kiingereza. Waliopita hapo wanajua kimya kile. Watoto waliokuwa wakibishana na mwalimu darasa la sita wanageuka mabubu. Wanaofanikiwa kutoka upande wa pili, kwa sehemu kubwa, ni wale waliogundua mapema kwamba unaweza kufaulu bila kuelewa, ili mradi unaweza kukariri. Maana ya photosynthesis inamezwa kama ilivyoandikwa, inatapikwa kwenye mtihani kama ilivyomezwa, na alama inapatikana. Miaka sita baadaye baadhi ya mabingwa hao wa kukariri wanachagua ualimu. Kwao kujifunza ndivyo kulivyo. Hawafundishi kwa kukaririsha kwa uvivu, wanafundisha njia iliyowaokoa.

Ongeza hapo desturi ya monita. Mwalimu ana kikao, au anafundisha vipindi vya masomo mawili katika mikondo minne, au yuko mbali na shule akifuatilia mshahara wake. Anampa monita daftari: “Kawaandikie wenzako notsi.” Monita anaandika ubao mzima, anafuta, anaandika tena, na darasa linanakili kimya mpaka kengele inalia. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo mara ya kwanza kusimama mbele ya darasa tukiwa na chaki mkononi. Mtoto anajisikia mkubwa. Vumbi la chaki kwenye mikono linamwonyesha kwamba ameaminiwa. Na somo analoondoka nalo kuhusu kazi hii ni kwamba kufundisha ni kuhamisha maandishi kutoka daftari hadi ubaoni, na nidhamu ni kimya cha kalamu. Mwalimu wake hakukusudia kumwambia hivyo. Alikuwa anajinusuru tu siku hiyo.

Nimeanza na giza kwa sababu ndilo tunaloliacha bila kulizungumza. Ila miaka hiyo hiyo ndiyo inayotupatia walimu bora, na njia inayowaleta inaeleweka, haina miujiza.

Angalia kundi la majadiliano la kidato cha nne, diskasheni ya jioni. Mwalimu wa hesabu hayupo tangu mwezi wa pili. Wanafunzi watano wanakaa darasani baada ya vipindi na mitihani ya miaka iliyopita. Mmoja wao anaelewa logarithimu, wanne hawaelewi. Anaeleza mara ya kwanza, hawajaelewa. Anaeleza kama alivyoeleza mwanzo kwa sauti kubwa zaidi, hawajaelewa. Sasa analazimika kufanya jambo ambalo walimu wake wengi hawakulifanya mbele yake: anamuuliza mwenzake, “Umefikia wapi? Nionyeshe ulivyofanya.” Katika swali hilo kuna ualimu wote. Kwa mara ya kwanza ameona kwamba kikwazo kiko mahali fulani ndani ya fikra za mwenzake, na kazi yake ni kwenda kukitafuta huko. Na mwenzake anaposema “Aaah, kumbe!”, kuna furaha inayompata ambayo hataisahau. Walimu wazuri niliobahatika kuwafahamu, nikiwauliza walianzaje, wengi wananipeleka kwenye jioni za namna hiyo, mara chache sana kwenye mwanga wa chuo.

Pwani jambo hili lina historia ndefu zaidi. Katika vyuo vya Kurani, mtoto aliyekwisha kuvuka juzuu kadhaa hukalishwa na wadogo walio kwenye alifu na bee kuwasikiliza. Mwalimu mmoja hawezi kusikiliza watoto arobaini mmoja mmoja, kwa hiyo wakubwa humsaidia. Mtoto wa miaka kumi anajifunza kusubiri, kurekebisha herufi moja bila kuvunja moyo wa msomaji, kutambua nani amekosea kwa haraka na nani kwa kutojua. Huko nako kuna bakora, nami siipambi. Ila ule mpangilio wa kumsikiliza kila mtoto peke yake, mdomo kwa sikio, shule zetu za serikali zenye madarasa yaliyofurika zimeupoteza.

Kuna pia mtoto wa mwalimu. Peter Tabichi, Mkenya aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alipopewa tuzo ya dunia ya mwalimu bora mjini Dubai mwaka 2019, baba yake alikuwepo ukumbini. Baba huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mama alifariki Peter akiwa na miaka kumi na mmoja, hivyo mzazi huyo mmoja ndiye aliyewalea. Dunia ilipenda habari ya mtawa Mfransisko anayetoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa wanafunzi maskini. Mimi nilimtazama zaidi yule mzee. Mtoto wa mwalimu anauona upande wa kazi ambao darasani hauonekani: madaftari yanayosahihishwa kwa taa, mzazi wa kijijini anayepiga hodi jioni kumwulizia mwanawe, mshahara unaogawanywa kabla haujafika. Anayechagua ualimu baada ya kuyaona hayo amechagua kazi nzima, siyo sura yake ya mbele.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Huwa tunasimulia Makerere, Tabora, Pugu, na jinsi alivyoacha kazi mwaka 1955 ili aongoze TANU. Ninachokiona kikubwa zaidi ni kwamba alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Mwalimu James Irenge, aliyemfundisha pale, alimpokea mtoto ambaye tayari alikuwa amejifunza mengi nje ya darasa: kuchunga, kusikiliza wazee, kukaa karibu na baba aliyekuwa mtemi wa Wazanaki. Kwa maneno mengine, alikuwa na kumbukumbu ya kujifunza ambayo shule haikuitengeneza. Nikisoma andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, pale anapolalamika kwamba shule zinawafanya vijana waamini maarifa yapo vitabuni na kwa wasomi tu, na kwamba wazee wao wasiosoma hawana la kuwafundisha, naisikia sauti ya mtu anayelinganisha shule na kitu kingine anachokifahamu. Aliyeingia darasani na miaka mitano, na hajui aina nyingine ya kujifunza, angepata shida kuliandika lile.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kumbukumbu inayomtawala mtu na ile inayomsaidia. Nyerere alikuwa na kitu cha kulinganishia. Walimu wetu wengi wapya hawana, na hawapewi.

Historia yetu ina jaribio moja ambalo tunalidharau kwa haraka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, taifa lilipoamua kila mtoto asome ifikapo 1977, hapakuwa na walimu. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufundishwa ualimu humo humo vijijini, wakifundisha saa chache na kusoma zilizobaki, kwa msaada wa mwalimu mzoefu, vipindi vya redio na masomo kwa njia ya posta. Walibandikwa jina la “walimu wa UPE”, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, likawa tusi, kama ambavyo miaka ya 2000, shule za kata zilipofunguliwa kwa wingi, vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache waliitwa “Voda fasta”. Elimu yao ilikuwa ndogo, hilo sibishi, na watoto wengi waliumia kwa hilo. Lakini mpango wa UPE ulikuwa na wazo moja zuri kuliko mengi tuliyoyafanya baadaye: kijana alifundisha asubuhi, na siku hiyo hiyo alikaa na mtu mzima wa kumuuliza kuhusu alichokifanya. Ile “Voda fasta” ililichukua pungufu la UPE, yaani haraka, ikaliacha wazo lake zuri.

Kijana wa leo anayefundisha tempo, yaani kwa muda tu, akisubiri matokeo ya kidato cha sita, au anayejitolea shule ya kata kwa sababu ajira hazijatoka, hana hata huyo mtu mzima wa mchana. Anapewa vipindi thelathini na chaki. Anachoweza kufanya ni kumwiga mwalimu anayemkumbuka, na kila wiki inayopita uigaji huo unazidi kukomaa. Akiingia chuo kikuu miezi michache baadaye, atakuwa na mazoea yake, na atakaa nyuma ya ukumbi akisikiliza nadharia za elimu kwa tabasamu la mtu anayejua mambo yanavyokwenda huko “site”.

Tunapenda kulifunika jambo hili kwa neno wito. Katika usaili, mwombaji akiulizwa kwa nini amechagua ualimu, anajua jibu linalotakiwa: nina wito. Wakati huo huo mitaani tunanong’ona kwamba wengi walikwenda ualimu kwa sababu mkopo wa elimu ya juu ulipatikana kwa urahisi zaidi huko, au kwa sababu pointi zao hazikuwafikisha kwingine. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, na wala hayatuambii sana atafundishaje. Nimemwona aliyekuja kwa sababu ya mkopo akawa mwalimu ambaye watoto wanamkimbilia langoni. Wito ukiachwa peke yake unaweza kuwa ni hamu ya kumrudia mwalimu fulani wa zamani, na inategemea alikuwa mwalimu gani.

Ninachokipendekeza hakihitaji saruji wala mkopo wa nje. Wiki ya kwanza ya chuo, kabla ya nadharia yoyote, kila mwanachuo aandike jinsi alivyojifunza: siku aliyoelewa kitu kwa mara ya kwanza, siku aliyoaibishwa mbele ya darasa, mara ya kwanza aliposhika chaki. Aandike kwa Kiswahili au lugha yoyote inayomtoka bila kujikwaa. Maandiko hayo yarudiwe kila muhula, yakiwekwa kando ya anachosoma, ili mbinu shirikishi isibaki swali la mtihani bali imkute mwalimu wake wa kweli wa darasa la tano na kubishana naye. Kisha amtafute mtu mmoja aliyesoma naye ambaye hakuendelea. Akae naye, amsikilize, asimfundishe. Ushahidi unaokosekana katika ofisi ya walimu uko mtaani kwao, unaendesha bodaboda, unauza vitumbua, unalima, na utasema ukiulizwa kwa heshima.

Kwa walio kazini tayari kuna jukwaa. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umeanzisha jumuiya za ujifunzaji ambako walimu wa shule moja wanatakiwa kukutana na kujadili ufundishaji wao. Mara nyingi mada inakuwa moduli na utekelezaji wake. Vikao viwili au vitatu kwa mwaka vingeweza kwenda kwenye swali gumu zaidi la tulikotoka, na mwalimu mkuu awe wa kwanza kuzungumza, maana akikaa kimya yeye, hakuna mdogo atakayethubutu.

Na kuna ile siku ambayo mwanachuo yuko BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, na mkufunzi amekaa dawati la nyuma na fomu yake ya tathmini. Anaangalia azimio la kazi, andalio la somo, zana, matumizi ya ubao, muda. Kabla ya kusaini, watoke wote wawili wakakae kivulini, amuulize: pale uliposahau ulichopanga na kuanza kufundisha kwa mazoea, ulikuwa unamwiga nani? Jibu liandikwe kwenye fomu ile ile, mkufunzi arudi nalo atakapokuja ukaguzi wa pili.